Gobori na mkono unaoshindilia

Gobori, yaani bunduki ya kale inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomoni, likiletwa makumbusho, kabla ya lolote tunateremsha kijiti cha mti ndani ya kasiba (mtutu wake), polepole, mpaka kigote. Tunakitia alama pale mdomoni, kisha tunakilaza ubavuni kwa nje. Kikiishia mbali na tundu la kuwashia, basi ndani kuna kitu, na huenda ni baruti na risasi iliyoshindiliwa na mtu ambaye wajukuu zake sasa ni wazee.

Wapigaji hodari wa zamani nao walitia alama kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, ili wajue kila risasi imekaa palepale ilipokaa iliyotangulia. Risasi za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa sawasawa. Gobori hujazwa kwa mkono kila mara, na mkono ukibadilika, shabaha inabadilika.

Chukua Brown Bess, bunduki ya jeshi la Waingereza. Kasiba yake ilikuwa na upana wa milimita 19 hivi, risasi yake kama 17.5. Nafasi hiyo iliachwa makusudi, askari ajaze haraka hata masizi yakishaganda ndani. Lakini risasi iliyolegea hugonga huku na huku ikitoka, na inapogonga mara ya mwisho ndipo njia yake inapoamuliwa. Kumlenga mtu mmoja kwa mita 100 kulitaka bahati.

Kasiba yenye mifereji iliyojisokota huizungusha risasi, mradi risasi iishike mifereji hiyo. Wapigaji wa Baker, bunduki ya Waingereza yenye mifereji hiyo, tangu 1800, waliifunga risasi kwa kiraka kilichopakwa mafuta. Ilibana kiasi kwamba mwanzoni walipewa nyundo ndogo za mti za kuisukumia. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié akaleta risasi yenye uvungu kitakoni: inateremka kwa urahisi, kisha moto wa baruti unaitanua.

Masizi ndiyo adui mkubwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hauwi hewa ikiungua. Hubaki moshi mzito na ukoko unaonyonya unyevu. Asiyepangusa kasiba kati ya mlio na mlio, risasi ya tano haiteremki kama ya kwanza. Anayeshindilia kwa hasira naye huiponda risasi na kusaga chembe za baruti. Na risasi ikiachwa juu bila kugusa baruti, kasiba inaweza kuvimba au kupasuka usoni mwa mpigaji. Hata mdeki kusugua mdomo wa kasiba huharibu shabaha, ndiyo maana Alvan Clark wa Marekani, yule fundi wa lenzi za darubini, mwaka 1840 alisajili mdomo wa bandia wa kujazia, kipande kinachovikwa mdomoni wakati wa kujaza na kuondolewa kabla ya kupiga.

Hainipendezi kusikia kwamba babu zetu hawakujua kulenga. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki zenye mifereji zisiuzwe kwa Waafrika, ukaacha mlango kwa magumegume, yaani magobori ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, yenye kasiba laini na baruti ya kawaida ya biashara. Wengine walijaza vipande vya chuma kwa kukosa risasi. Hata mlenga shabaha bingwa angekosa kwa silaha ya namna hiyo.

Kama nyumbani kuna gobori la urithi, usivute mtambo wake wala usilisogeze karibu na moto. Liache lilipo, wazuie watoto, kisha waarifu polisi walifuate wenyewe.