Vyama vya wajenzi wa nyumba Marekani: nguvu yao iko wapi

Tukisikia kwamba wafanyabiashara wa Marekani wanaishawishi serikali, mawazo yetu hukimbilia Washington. Kwa upande wa nyumba, mengi huamuliwa chini ya hapo. Ukubwa wa kiwanja, idadi ya ghorofa na vifaa vya kuzuia joto na baridi kupita ukutani ni mambo ya mji na jimbo. Chama cha Taifa cha Wajenzi wa Nyumba, NAHB, kilichoanzishwa mwaka 1942, kinalijua hilo vizuri. Mjenzi hujiunga kwenye chama cha eneo lake, na kwa ada hiyohiyo anakuwa pia mwanachama wa jimbo na wa taifa. Vyama hivyo vya majimbo na vya maeneo viko mamia.

Tazama suala la vinyunyizio vya kuzima moto. Majimbo mengi hutumia kitabu cha mfano cha kanuni za ujenzi wa makazi, IRC, kinachorekebishwa kila baada ya miaka 3. Septemba 2008, mjini Minneapolis, wapiga kura wa kitabu hicho, wazimamoto wakiwa wengi, walipitisha kwamba kila nyumba mpya ya familia moja au mbili iwekwe vinyunyizio. Wajenzi walishindwa ukumbini, wakahamia majimboni. Kitabu cha mfano si sheria mpaka jimbo likipokee, na jimbo lina ruhusa ya kukipunguza. California na Maryland yalikubali vinyunyizio. Mengi yalikifuta kipengele hicho, na baadhi yakaenda mbali zaidi: yakaikataza hata miji yao kukidai.

Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilifichua kwamba NAHB ilikuwa na makubaliano ya miaka mingi, yasiyotangazwa, na taasisi inayochapisha kitabu hicho: viti 4 kati ya 11 katika kamati mbili muhimu. Vinne havitoshi kupitisha jambo, lakini kwenye kamati ya kitaalamu aliyejiandaa mara nyingi huwavuta waliobaki.

Silaha yao nyingine ni hesabu. Wanauchumi wa NAHB walikadiria mwaka 2021 kwamba kanuni za serikali hubeba asilimia 23.8 ya bei ya nyumba mpya. Takwimu hiyo hunukuliwa sana, na si kila anayeinukuu hutaja kwamba imetoka kwa wajenzi wenyewe. Huko North Carolina, wajenzi walidai kanuni mpya za kuokoa nishati zingeongeza zaidi ya dola 20,000 kwa kila nyumba. Maabara moja ya serikali kuu ilikadiria nyongeza isiyozidi kama dola 6,500. Mwaka 2023 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia mabadiliko hayo hadi 2031. Gavana Roy Cooper aliikataa, bunge likaipitisha tena juu ya pingamizi lake.

Isidhaniwe kwamba wajenzi hukosea kila mara. Wanapopinga viwanja vikubwa vya lazima na marufuku ya nyumba za ghorofa, wanasimama pamoja na watetezi wa wapangaji wa kipato cha chini, dhidi ya wenye nyumba wasiotaka majirani wapya. Kwa maoni yangu, hapo hoja yao ni nzito. Ushirika huo huvunjika mji unapowataka watenge sehemu ya nyumba ziuzwe kwa bei nafuu. Chama cha wajenzi cha California kiliishtaki San Jose kwa sharti kama hilo, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaupa mji ushindi.

Kwa wasomaji wetu mnaoishi huko: vikao vya madiwani na vya mabaraza ya kanuni za ujenzi kwa kawaida huwa wazi, na ajenda hutangazwa mapema. Mwakilishi wa wajenzi hulipwa kuhudhuria. Mpangaji saa hiyo yuko kazini. Asiyeweza kufika aulize namna ya kutuma maoni kwa maandishi, na ikitajwa gharama ya kanuni yoyote, aulize pia ni nani aliyeipiga hesabu.