Shah Jahan hakufia shimoni

Wengi husimulia kwamba Shah Jahan, mfalme wa ukoo wa Mughal nchini India aliyejenga Taj Mahal, kaburi la mkewe, alifia kwenye shimo la giza ndani ya ngome ya mji wa Agra. Sivyo. Mwanawe Aurangzeb alimpindua mwaka 1658 akamzuia humo hadi kifo chake, 1666, lakini katika makazi ya kifalme, akiuguzwa na bintiye Jahanara. Kuta kubwa za mawe mekundu aliziacha babu yake Akbar, aliyeanza ujenzi 1565. Ndani, Shah Jahan alikuwa amebomoa majengo kadhaa na kuinua ya marumaru nyeupe. Kifungo cha ajabu, nyumbani mwako mwenyewe! Mnara wake wa pembe nane, Musamman Burj, una maua ya vito yaliyopachikwa kwenye marumaru na birika lililochongwa sakafuni. Kutoka hapo, kwenye kona ya mto Yamuna, Taj Mahal huonekana.