Fishi ya chanjo na shule za Marekani

Katika soko la Virunga, hapa Goma, mama mmoja alinionyesha fishi ya chanjo ya mwanawe, imekunjwa mara nne ndani ya kitambaa cha pesa. Wanakwenda Marekani, naye ameambiwa yale tunayoyasikia miaka yote: huko serikali inalazimisha kila mwanafunzi achanjwe, hakuna msamaha.

Sivyo. Hakuna sheria moja ya shule kwa nchi nzima. Kila jimbo lina yake. Kweli, mwaka 1922 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mji unaweza kumkatalia shule asiyechanjwa. Lakini majimbo yote 50 humsamehe mtoto ambaye chanjo ingemdhuru, daktari akithibitisha. Mengi yana pia msamaha wa dini. California iliufuta kuanzia 2016, New York mwaka 2019, surua ilipowaka. Na surua ikizuka shuleni, mwenye msamaha anaweza kurudishwa nyumbani kwa majuma kadhaa, jambo ambalo wasimuliaji wetu hulisahau. Vyuo navyo hutofautiana.

«Na hii karatasi?» akauliza.

Itunze, mama. Dozi zilizoandikwa na tarehe huhesabiwa. Aliyekatiza huendelea alipoishia, haanzi upya.