Mstari wa kwanza wa Fomu 8889 unauliza bima, hauulizi ndoa

Juzi jioni nilikaa mezani na mume na mke, Waswahili wenzangu wa hapa Minnesota, wameniletea bahasha ya kaki imetuna karatasi za kodi ya Marekani. Mke akatoa W-2 yake, ile karatasi ya mshahara na kodi anayotoa mwajiri, akaweka kidole kwenye kisanduku cha 12 palipo na herufi W na 5,000. Mume akatoa taarifa ya benki: 4,300. "Dada, zote ni za HSA," akasema, yaani akaunti ya akiba ya matibabu, ambayo pesa unazoweka zinasamehewa kodi. "Wewe jumlisha tu, sisi ni kitu kimoja."

Kwenye bima ni kweli, wanaweza kuwa kitu kimoja. Kwenye akaunti, kila mtu na lwake. Hapo ndipo wengi wanapochemsha, hata wale wanaojijazia wenyewe kwa programu.

HSA ililetwa na sheria iliyotiwa saini Desemba 2003, na tangu siku hiyo haijawahi kuwa na wenyewe wawili. Hata mkijaza ritani (tamko la kodi la mwaka) moja ya pamoja, akaunti ina jina moja. Kila ambaye akaunti yake iliingia au kutoka pesa mwaka huo anajaza Fomu 8889 yake, ile ya hesabu za HSA, kisha zote mbili zinaambatanishwa na ritani ileile. Mwenzi asiye na akaunti hana fomu ya kujaza, hata kama yumo kwenye bima. Programu ikikuuliza kama mkeo ana HSA, na yeye kazi yake ni kuwemo tu kwenye bima yako, jibu hapana uendelee.

Sasa mstari wa 1. Una visanduku viwili: bima ya mtu mmoja, au ya familia. Bima inayozungumziwa ni ile ambayo unajilipia mwenyewe kwanza kiasi kikubwa kabla haijaanza kukusaidia. Kwa 2025 kiasi hicho hakitakiwi kupungua dola 1,650 kwa mtu mmoja, au 3,300 kwa familia. Una mke lakini bima ni yako peke yako? Wewe ni mtu mmoja, hata kama picha ya harusi imetundikwa sebuleni. Mama aliyejiandikisha na mwanawe bila baba, huyo ana bima ya familia.

Na hapa ndipo sheria inapowakamata watu: mmoja wenu akiwa na bima ya familia ya aina hiyo, nyote wawili mnahesabiwa mna ya familia, hata kama mwenzake ana ya mtu mmoja kazini kwake. Kikomo cha kuchangia HSA kwa 2025 ni dola 4,300 kwa mtu mmoja na 8,550 kwa familia, na hiyo 8,550 ni sinia moja mnalolia wote. Kichekesho ni kwamba mke na mume wenye bima za mtu mmoja kila mmoja wanaweza kuweka 8,600 wakijumlisha, hamsini zaidi ya familia. Ni kwa sababu serikali hukadiria hivyo viwango kwenye hamsini iliyo karibu zaidi.

Turudi kwa wageni wangu. Mume ana bima yake ya mtu mmoja kazini, akaona kikomo chake ni 4,300, akajaza akaunti mpaka juu. Mke naye alikuwa amejiandikisha na watoto. Basi kisanduku cha mume pia ni cha familia, na jumla yao ni 9,300. Wamezidisha 750.

"Lakini benki walizipokea," mume akalalamika. Benki itapokea, haijui mkeo ana bima gani.

Mgawanyo wa hiyo 8,550 unaandikwa mstari wa 6. Msipokubaliana, sheria inawakata nusu kwa nusu, 4,275 kila mmoja. Mkikubaliana, mnagawana mpendavyo. Ziada haipungui kwa kugawana, ila mnaweza kuchagua ikae kwa nani. Niliwashauri mke achukue 5,000 zake zote na mume 3,550, kwa sababu za mke zilipitia kwenye mshahara, na kuzirudisha huko ni usumbufu. Za mume alizipeleka benki mwenyewe.

Zile 5,000 za herufi W nazo zina mtego wake. Watu hudhani W ni mchango wa mwajiri peke yake, kwa hiyo sehemu waliyokatwa wenyewe kwenye mshahara wanaiandika mstari wa 2, ule wa pesa ulizoweka mwenyewe. Hapana. Mlikatwa kabla ya kodi, msamaha mmeshaupata. Zote ni mstari wa 9, ule wa pesa zilizopitia kwa mwajiri. Ukiziandika mstari wa 2 unadai punguzo mara mbili, na IRS, watoza kodi wa Marekani, wana nakala ya W-2 yako.

Mume sasa ana punguzo la 3,550. Zile 750 aziombe benki kama ziada, pamoja na faida iliyozaa, kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, pamoja na muda wa nyongeza. Akizembea, kuna kodi ya asilimia 6, yaani dola 45, kwenye Fomu 5329, na inarudi kila mwaka ziada ikibaki mle.

Kabla hata ya hesabu, lakini, muulize mwenzio kama kazini kwake ana FSA ya kawaida ya matibabu, yaani ile akaunti ya gharama za matibabu inayotolewa na mwajiri. Ikiwa inaweza kulipia na gharama zako, wewe huruhusiwi kuchangia HSA kabisa. Nimeona wanandoa wakiligundua hilo Machi, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Na waliotimiza 55 wanaongezewa 1,000 kila mmoja, lakini ya mke iende kwenye akaunti ya mke. Huwezi kuweka za wote wawili kwako.

Swali la mwisho walilouliza ndilo ninaloulizwa sana: pesa hizi zinaweza kumtibu mtu aliye nyumbani? Mke au mume aliye Mombasa, ndiyo, hata kama hayumo kwenye bima yako. Mama yako aliye Tanga, asiye raia wala mkazi wa huku, hapana, hata kama unamtumia kila mwezi. Kwa kodi ya Marekani hahesabiwi tegemezi wako. Ukitoa za mama, zinaongezwa kwenye kipato chako, na kama hujafika 65, juu yake kuna asilimia 20.

Kwa aliye na mke Mombasa: ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zilikwenda, hauonyeshi zilitibu nini. Omba risiti ya hospitali yenye jina la mgonjwa na huduma aliyopata.