Kabla ya Kuuliza Mshahara, Uliza Boti

Juzi kijana mmoja niliyemfundisha alinipigia simu kutoka Kayole, Nairobi. Ana diploma ya uuguzi, ana leseni, na anatarmaki akitafuta kazi mwaka wa pili sasa. "Sista," akasema, "nimesikia kaunti ya Lamu itatangaza nafasi. Lakini mama anasema huko ni mbali, na mimi hata kuogelea sijui." Nilicheka. Nimefanya kazi ya uuguzi kisiwani Pate, huko huko Lamu, miaka minne na sikuogelea hata siku moja. Kilichoninyima usingizi kule ni kupwa na kujaa kwa maji.

Kwa kuwa simu za namna hii zimezidi, wacha niandike mara moja ninayowaambia wote.

Ukikaa na wauguzi vijana kwenye vibanda vya chai karibu na Hospitali ya Kenyatta, utasikia nchi tatu zikitajwa: Uingereza, Marekani, Saudia. Tangu Kenya na Uingereza zitie sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, kila mtu ana binamu anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Simlaumu anayeondoka. Ninachoshangaa ni mtu aliye tayari kukaa kwenye ndege saa nyingi kwenda kulea wazee wa watu, na ukimtajia Faza, mji wa kisiwani Pate, anakuuliza kama kuna mtandao.

Tuanze na mahali kazi inapopatikana, maana bado kuna wanaopeleka bahasha Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya. Huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti zote ziko chini ya serikali za kaunti, na anayeajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti husika. Wizara imebaki na sera, hospitali kuu za rufaa kama Kenyatta, na kuwapangia vituo wahitimu wa digrii wanaokwenda mwaka wa intaniship. Kwa hiyo anayetaka kisiwa afuatilie bodi zenye visiwa: Lamu kwa Pate na Kiwayu, Homa Bay kwa Mfangano, Siaya kwa Mageta, Kwale kwa Wasini. Rusinga mimi siihesabu tena, maana kutoka Mbita unavuka kwa gari.

Swali linalofuata huwa lile lile: "Wataniajiri mimi Mkamba?" Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inaitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka jamii yenye wengi katika kaunti hiyo. Sikuambii kila bodi inapiga hesabu hiyo kwa uaminifu. Nakuambia tu kwamba mlango upo kisheria. Jua pia kwamba KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ina kampasi Lamu, na vijana wa huko wanahitimu na kuomba kazi kwao, jambo ambalo ni haki yao na ni heri kwa wagonjwa. Wewe utashindana nao ukiwa na karatasi zilizokamilika.

Karatasi zenyewe sitazirefusha: vyeti, usajili wa Baraza la Wauguzi, leseni ya mwaka huu, kitambulisho, na mara nyingi ule msururu wa sura ya sita ya katiba, yaani cheti cha maadili mema kutoka DCI (polisi wa upelelezi), na vibali vya KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo), EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na CRB (rekodi ya mikopo). Neno la kushikilia hapo ni "mwaka huu". Mara yangu ya kwanza kuomba kazi ya kaunti (siitaji ni ipi) niliambatisha leseni iliyokuwa imeisha wiki tatu kabla. Jina langu halikutokea kwenye orodha ya mahojiano, na nilizunguka miezi nikisema nimenyimwa kwa ukabila. Na yule atakayekuambia ana mtu wake ndani ya bodi, mpe chai tu, pesa usimpe.

Sasa boti.

Kutoka Nairobi kwenda Pate kwa basi, unakwenda Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe ambako lami inaishia baharini. Unavuka kwenda Lamu mjini, na kutoka hapo unapanda boti ya abiria kuelekea Mtangawanda au Faza. Boti hizo hupitia Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, Mkanda unakuwa tope na mikoko. Nahodha hatazami saa, anatazama maji, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa zaidi. Ukija na akili ya matatu ya Kayole, kwamba ukikosa hii kuna nyingine nyuma, utalala gatini. Nje ya Mkanda kuna bahari kuu, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma ndipo utajua kwa nini wenyeji hawana haraka.

Msafiri wa kawaida hilo halimuumizi sana. Muuguzi ndiye linalomkalia kifuani, kwa sababu rufaa zake zote zinapita mlemle.

Jioni moja nililetewa mama wa mimba ya kwanza, kwa mkokoteni wa punda, ameshapata degedege mara mbili nyumbani. Kifafa cha mimba. Maji yalikuwa yamepwa na nahodha akasema wazi kwamba boti haitaondoka kabla ya saa nne usiku. Hapa Nairobi ningemshika mkono, nikamwingiza leba, na daktari angekuja. Kule daktari niliyeitwa ni mimi. Nilimpa magnesiamu salfeti: gramu 4 polepole kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli, 5 kila kalio. Nikatia mpira wa mkojo, nikashusha presha, nikaweka dawa ya kutengua sumu ya magnesiamu mezani karibu na mkono wangu, kisha nikakaa nikihesabu pumzi na kugonga goti lake kila baada ya muda kuona kama linaruka. Dozi ya pili ya gramu 5 huja saa nne baada ya ile ya kwanza, na nilimchoma ndani ya boti, kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa na shemeji yake. Alijifungulia hospitali ya King Fahad, Lamu. Mtoto ni msichana, sasa yuko shule.

Sikusimulii hayo ili unione shujaa. Dawa ilikuwepo kwa sababu muuguzi aliyenikabidhi kituo alinionyesha kabati kabla hajanionyesha kitanda changu. Ndiyo maana nasema uliza. Ukipata barua ya kazi, au hata kwenye mahojiano wanapokuuliza kama una swali: Boti ya rufaa ni ya kaunti au ya kukodi, na mafuta yake analipa nani saa saba za usiku? Tutakuwa wauguzi wangapi kituoni? Friji ya chanjo inatumia sola au gesi, na ikizima chanjo zinapelekwa wapi, maana zinataka nyuzi 2 hadi 8 hata kama nje kunachoma? Kuna nyumba ya mfanyakazi? Jibu la swali la wauguzi wangapi ndilo zito kuliko yote. Ukiwa peke yako hakuna zamu wala likizo, na hata ruhusa ya kwenda kusomea stashahada ya juu itasubiri mpaka apatikane wa kukushikia.

Soma pia kama ni mkataba au ajira ya kudumu yenye pensheni. Waulize wenzetu wa UHC, mpango wa afya kwa wote, walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 jinsi walivyohangaika wakidai kuthibitishwa kazini. Posho ya mazingira magumu iwe imeandikwa kwenye barua. Ya mdomo haifiki benki. Na usiende ukidhani utahamishwa baada ya mwaka. Siku hizi kutoka kaunti moja hadi nyingine kunataka kaunti zote mbili zikubali, na inayokuachia huwa haina haraka.

Usalama? Uliza wenyeji wa pale pale, maana Lamu si kitu kimoja: kijiji cha bara karibu na msitu wa Boni hakifanani na Lamu mjini, ambako hatari kubwa niliyoiona ni punda anayekuja kasi kwenye kichochoro.

Jambo moja sikuambiwa na mtu. Nilikwenda nikiamini Kiswahili nakijua. Siku ya pili bibi mmoja aliniita kutoka kwenye benchi, "Ndoo, mwanangu." Nikaenda nyuma nikamletea ndoo. Benchi zima likavunjika mbavu. Kule "ndoo" ni njoo, "kitwa" ni kichwa, na "mato" ni macho. Bibi yule, ambaye alikuwa amezalisha nusu ya kijiji kabla mimi sijazaliwa, ndiye aliyenifundisha kuuliza dalili kwa lugha yao. Baadaye alikuwa akiwaleta wajawazito kliniki yeye mwenyewe, na mimi nilimwachia kiti chake ndani, si kwenye benchi.

Kijana wa Kayole nimemwambia ahuishe leseni kwanza, maana yake imebakiza mwezi mmoja. Mama yake naye alinipigia jana kuuliza kama huko kuna kanisa. Nikamwambia Lamu mjini lipo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza boti ni shilingi ngapi.