Kichocho si ugonjwa adimu

Juzi nimesikia tena redioni hapa Mwanza: mtangazaji anamkaribisha mgeni azungumzie "magonjwa adimu kama kichocho". Mimi nasimamia mawasiliano katika shirika dogo la familia zinazouguza magonjwa adimu, na neno hilo nalitumia kila siku, kwa hiyo naomba tulinyooshe.

Ugonjwa adimu ni ule unaopata watu wachache. Ulaya kipimo ni mtu asiyezidi mmoja katika kila watu 2,000. Marekani ni wagonjwa wasiofika 200,000 nchi nzima. Magonjwa ya namna hiyo yamepita 6,000. Maana ndiyo hiyo tu.

Ila watu wakisikia "adimu" wanaelewa "uliosahaulika", au "wa ajabu". Neno lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya kukosekana kabisa. Kiswahili kimelilegeza: kitu adimu kipo, ila kukipata ni kazi, ndiyo maana rafiki asiyeonekana huambiwa ameadimika kama wali wa daku. Waulize wazee wavuvi wa Ukerewe habari za samaki aitwaye ningu. Watakusimulia alivyokuwa akipanda mito kutaga mvua zikianza, na alivyopungua. Samaki huyo ni adimu leo, na bado wanamjua vizuri.

Kichocho je? Konokono wanaobeba vimelea vyake wamejaa kandokando ya ziwa, na watoto wetu wanamezeshwa vidonge vyake shuleni. Wagonjwa wapo tele. Kilichokosekana ni kuangaliwa. Magonjwa ya aina hii Wizara ya Afya inayaita "magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele", jina refu lakini la kweli. Ukikiita adimu, mama wa Igombe atadhani mwanawe yuko salama majini. Na mama mwenye mtoto anayeugua Duchenne, ugonjwa adimu unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka, anapokonywa neno linaloeleza kwa nini hajawahi kukutana na mama mwenzake.

Jambo jingine: adimu wapi? Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, Marekani inahesabiwa adimu. Kanda ya Ziwa karibu kila ukoo unaijua, kwa sababu aliyerithi kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, na malaria huku ni ya siku nyingi.

Linaloniumiza zaidi ni "wa ajabu". Ugonjwa una jina, una kipimo, daktari anaufahamu. Ukiuita wa ajabu, jirani anaanza kutafuta mchawi.

Ndugu mtangazaji, mgeni wako alikieleza kichocho vizuri sana. Akirudi, taja kichocho tu, inatosha. Na siku ya mwisho ya Februari, ambayo ndiyo siku ya magonjwa adimu duniani, tukaribishe nusu saa. Yule mama wa mtoto mwenye Duchenne nitamwomba tuje pamoja.