Jino la papa lililopinda usilitupe

Mvuvi akishusha papa bandarini Malindi, mwombe akufunulie taya la chini. Nyuma ya meno ya mbele utaona safu nyingine zimelala chini ya ufizi, zikielekea kooni. La mbele likidondoka, la nyuma husogea likashika nafasi. Papa mmoja huota maelfu ya meno maishani mwake. Kiunzi chake ni gegedu, kitu laini kuliko mfupa, nayo huoza upesi. Jino ni gumu, ndilo linalobaki hadi kuwa kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe. Ndiyo maana megalodoni, papa mkubwa aliyetoweka yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, tunamjua hasa kwa meno.

Baadhi ya visukuku hivyo vimepinda, vimejikunja kama jani kavu, hata vingine vina ncha mbili. Huko Florida na Maryland, Marekani, wapo wakusanyaji wanaovisaka hivyo tu, nami nawaelewa. Chanzo kinachotajwa sana ni jeraha. Papa hula taa na hongwe, samaki wenye miiba ambayo wavuvi wetu wa Lamu wanaijua vizuri. Mwiba ukichoma pale jino linapoumbika, jino huota na kilema, na yanayolifuata kwenye mstari uleule huweza kuota vivyo hivyo. Jino lililonyooka linakwambia ni papa gani. Lililopinda linakwambia yaliyompata.

Utajuaje kama ni kilema au limevunjika tu? Pitisha ukucha taratibu penye pengo. Ukikwama kwenye ukingo mkali, na ganda la kung'aa limekatika ghafla, lilivunjika. Ganda likizunguka pengo lote bila kukatika, liliota hivyo. Usitegemee ulaini peke yake, maana mawimbi nayo husugua mvunjiko ukateleza.

Ukikuta jino la kisukuku mwambani, usilipake vanishi, usilisugue kwa msasa. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006: anayegundua kisukuku anatakiwa kuyaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, aonyeshe mahali hasa. Basi usichimbe. Lipige picha palepale lilipo, uweke sarafu kando ili ukubwa ujulikane, kisha picha nyingine ya mwamba wote. Halafu njoo nazo makumbusho, Lamu au Malindi, hata kama jino lenyewe ni nusu.